Tangazo la Tatu

Nilipokuwa darasa la tano nilijiona najua sheria kuliko mwalimu mkuu. Baba yangu alikuwa katekista wa kigango chetu kule Keza, na mtoto wa katekista hukua akijua kwamba kila jambo lina utaratibu wake: nani asimame lini, nani aitikie nini, kengele ipigwe mara ngapi. Mimi utaratibu ule niliuchukua nikaufanya fimbo ya kuchapia wenzangu. Tukicheza mpira wa rede, nilikuwa mchezaji na mwamuzi kwa wakati mmoja. Dada zangu walisema nikikua nitaolewa na mahakama.

Kambi ya wakimbizi ilikuwa mwendo wa saa moja na nusu kutoka kwetu, unashuka bonde na kupanda upande wa pili. Pale zamani palikuwa pori la kuokota kuni na uyoga. Watu walipovuka kutoka Burundi, pori likafyekwa, maturubai yakapangwa safu kwa safu, na kabla hatujazoea wazo lenyewe tukawa majirani wa mji mkubwa kuliko Ngara mjini. Kirundi chao na Kihangaza chetu vinasikilizana bila mkalimani. Kiswahili tulikiacha shuleni na sokoni. Kwa hiyo maneno ya rafiki yangu ninayoyaandika hapa aliyasema kwa lugha ya nyumbani, nami nayaweka kwa Kiswahili kadiri ninavyoweza.

Rafiki huyo nilimpata sokoni, pale ambapo sisi tulipeleka ndizi na wao wakaleta mafuta na unga wa njano wa mgao. Alikuwa msichana wa rika langu, mrefu, mwenye mwanya, na alikuwa anacheka kabla hujamaliza kusema. Aliishi na bibi yake tu. Wengine wa nyumba yao waliishia wapi hakuwahi kuniambia, na mimi, mbishi wa kuuliza kila kitu, hilo sikumuuliza.

Siku moja shule yao ya kambini iligawiwa maboksi ya nguo na vitu vya kuchezea kutoka ng'ambo. Wenzake walipata midoli na magari. Yeye alipata kopo la bati lililojaa kadi. Bibi yake alilichukua kopo kuwekea chumvi, akatuachia kadi zenyewe na karatasi moja iliyokunjwa, nusu yake imeliwa na unyevu. Kila kadi ilikuwa na picha: nyoka mwenye mabawa, mwanamke mwenye nywele za moto, mti wenye macho. Chini ya picha kulikuwa na Kiingereza cha herufi ndogo mno. Bibi aliogopa kidogo. Baba yangu alipopita kuwaona wagonjwa wa upande ule, bibi alimwomba azitazame. Baba alivaa miwani, akazipitia moja moja, akasema ni picha tu za watu wasio na kazi, ila tusiende nazo kanisani.

Niliazima kamusi shuleni, tukakaa nayo wiki nzima tukiifasiri ile karatasi neno kwa neno. Tulichoelewa ni hiki. Kila mchezaji anaanza na roho ishirini. Sisi tulihesabu kwa punje za maharage. Kadi zenye viumbe tuliziita wanyama, hata vile vyenye sura za watu. Mnyama wako anamla mnyama wa mwenzako, au anamla mwenzako roho zake. Zile nyingine, zenye moto na radi na moshi, tuliziita dawa. Dawa unaitupa mara moja, inafanya kazi yake, inaondoka mezani. Meza yetu ilikuwa gunia la mgao lililotandikwa chini.

Tatizo likawa sentensi mbili, ambazo mpaka leo nazijua kwa moyo jinsi nilivyozifasiri. Mwenzako akitupa dawa, waweza kumjibu kwa dawa yako kabla ile yake haijafanya kazi. Dawa iliyotupwa mwisho hufanya kazi kwanza.

Hiyo ya pili rafiki yangu aliikataa katakata. Mtoto wa kambini maisha yake ni foleni. Asubuhi madumu yanapangwa mbele ya bomba, na aliyetangulia kuweka lake ndiye anayetangulia kuchota. Kwa jambo hilo wanawake wazima walikuwa wanashikana kanga. Leo aje mzungu na kikaratasi chake kusema aliyekuja mwisho achote kwanza? Alisema huo ni wizi. Nikasema imeandikwa. Akasema hata wezi wanajua kuandika.

Bibi alikuwa pembeni anachambua maharage, akatusikiliza mpaka akachoka. Akamwambia mjukuu wake achukue kijiti na ajifanye anataka kunichapa. Rafiki yangu akainua kijiti juu. Bibi akaniambia nimshike mkono. Nikamshika. Akauliza, nani ameanza? Tukasema ni yeye mwenye kijiti. Akauliza tena, na nani amefanya kazi kwanza? Rafiki yangu alitazama mkono wake uliokamatwa hewani, akacheka, na sentensi ya pili ikapita.

Sasa tukagombania ya kwanza. Kijiti kiko juu mpaka lini? Rafiki yangu alikuwa na mikono myepesi. Alikuwa anatupa dawa na kumwondoa mnyama wangu kwa pigo moja la mkono, na mimi bado nasoma kadi zangu. Nikisema nina jibu, anasema nimechelewa. Nasema sijachelewa, yeye ndiye aliyeharakisha. Karatasi ilisema kabla ya kufanya kazi, lakini haikusema kabla ni muda gani, au kama ilisema, basi ni kwenye ile nusu iliyooza. Siku moja nilishikwa na hasira nikazipiga teke punje zote za maharage. Bibi alitufukuza wote wawili, maana yale yalikuwa maharage ya kula. Tulinuniana wiki mbili.

Suluhu niliipata kanisani, na niliipata nikiwa nasinzia. Baada ya misa baba alikuwa anasoma matangazo, na miongoni mwake yale ya ndoa. Fulani wa mahali fulani anatarajia kufunga ndoa na fulani. Hili ni tangazo la kwanza. Mwenye kujua kizuizi chochote amwone padre au katekista. Jumapili inayofuata anasoma tena, la pili. Kisha la tatu. Baada ya hapo mlango umefungwa na watu wanapika pilau. Maisha yangu yote nilikuwa sijaona mtu akisema neno, lakini nafasi ya kusema ilikuwapo, imepimwa, na kila mtu anajua inaanzia wapi na inaishia wapi.

Nilikwenda kambini mbio siku ileile. Nikamwambia rafiki yangu: ukitupa dawa, iweke chini, toa mkono, kisha tangaza. Natangaza mara ya kwanza. Vuta pumzi. Natangaza mara ya pili. Vuta pumzi. Natangaza mara ya tatu. Wakati wowote kabla hujamaliza neno la mwisho, mwenzako anaweza kusema kizuizi na kuweka dawa yake juu ya yako. Na yeye atangaze mara tatu, maana huenda na wewe unacho kizuizi cha kizuizi. Ikishapita ya tatu bila neno, imefungwa, na ya juu kabisa inafanya kazi kwanza. Rafiki yangu alicheka mpaka akalala chali kwenye vumbi. Kisha akakaa, akafikiri, akasema ni haki.

Mchezo ukaenea. Kadi zetu hazikutosha, watu wakaanza kukata zao kutoka kwenye maboksi ya mafuta na sabuni na kuzichora kwa kalamu ya wino. Za kambini zilikuwa nzuri kuliko za kwetu kijijini. Walichora malori, mamba wa mto Ruvubu, mwanajeshi aliyelala. Kuna mmoja alichora bomba la maji lenye foleni, ikawa dawa ya kumchelewesha mtu. Kadi zilibadilishwa kwa kadi, fisi wawili kwa radi moja. Na kila mahali ungesikia watoto wanatangaza kwa sauti ya baba yangu, pamoja na kikohozi chake. Baba alipata habari. Alisema kama wangekuwa makini hivyo kwenye katekisimu, angeshapata mapadre kumi.

Mimi niliogopwa sana katika mchezo ule, na sababu haikuwa kadi nzuri. Niligundua kwamba anayejibu kwenye tangazo la kwanza anampa mwenzake muda wa kufikiri. Uso wako unamwambia una kitu, mkono wako unamwambia ni kadi ya upande gani, naye anajipanga. Anayengoja mpaka la tatu, mpaka silabi ya mwisho, anamkuta mwenzake ameshalegea, ameshaanza kufurahi. Kwa hiyo nilijifunza kukaa na jibu mkononi na kutazama pembeni, hata kupiga miayo. Wakanitania kwamba mimi ni mtu wa mara ya tatu, nami utani huo niliupenda.

Rafiki yangu hakuweza. Kizuizi kilimtoka mdomoni hata sijamaliza kusema natangaza. Nilimwambia huo ni ushamba, anapoteza dawa nzuri kwa papara. Akanijibu kwamba yeye akishajua jibu haoni la kungojea.

Miaka ikaenda. Kadi zikachakaa, watoto wakawa wakubwa, kila mmoja akawa na yake. Mimi nilipata nafasi ya sekondari Ngara mjini, nikapanga chumba na wenzangu wawili nyuma ya soko, na Jumamosi nilikuwa narudi nyumbani. Yeye aliendelea na shule ya kambini, kwa Kifaransa na masomo yaleyale ya Burundi, na alikuwa amebakiza mwaka mmoja kumaliza. Alitaka kuwa muuguzi. Alikuwa ameshajipenyeza zahanati ya kambi, anawasaidia kupima watoto uzito siku za kliniki, na aliponisimulia habari zile macho yalimwaka. Mimi nilikuwa kidato cha tatu na sikujua ninataka nini, zaidi ya kubishana. Nilimwonea wivu kidogo, na nilimpenda sana.

Jumapili moja nilikuwa nimekaa benchi la tatu, baba anasoma matangazo. Kigango chetu kilihudumia pia upande wa kambi uliokuwa karibu nasi, kwa hiyo majina ya wakimbizi yalikuwa ya kawaida. Nikasikia jina la rafiki yangu. Likafuatiwa na jina la mwanamume wa Nyarubungo, wilaya ya Biharamulo. Hili ni tangazo la kwanza.

Mwanamume yule nilikuwa namjua. Nyarubungo kuna shangazi yangu, dada wa baba, na likizo ya Desemba nilikuwa kwake. Kila asubuhi kisimani tulikutana na mama mmoja mwenye watoto wawili, mchangamfu, ambaye siku moja alinifungia viazi vitamu kwenye kitenge niende navyo nyumbani. Shangazi alinitambulisha kwake akasema huyu ni mke wa fulani, yule mfugaji aliyehamia kutoka upande wa Shinyanga. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba. Fulani huyo ndiye aliyekuwa anasomwa sasa na baba yangu, kama mtu asiye na mke.

Nilikuwa na kizuizi halisi, si cha karatasi. Padre asingefungisha ndoa ya mtu mwenye mke na watoto nyumbani mpaka jambo lile lichunguzwe. Ningeweza kusimama wakati ule ule, au kumfuata baba sakristia baada ya dakika tano. Nilikaa.

Nataka niseme wazi niliwaza nini, maana nimelirudia wazo hilo mara nyingi na kila mara linaniaibisha kwa jinsi lilivyokuwa na akili. Niliwaza kwamba nikisema leo, yule bwana ana wiki mbili mbele yake. Atampeleka mama wa watu kwa ndugu zake, ataleta mashahidi wa kusema yule ni dada yake, atakuja na maneno laini kwa bibi. Nikisema Jumapili ya tatu, hana muda. Kila kitu kitakuwa kimeshapangwa, kanisa limejaa, naye hana pa kutokea. Na nikubali jingine pia: nilijiona nimesimama katikati ya kanisa lililojaa, vichwa vyote vimegeuka, mtu wa kwanza katika historia ya kigango chetu kuleta kizuizi. Nilipenda picha ile.

Jioni yake nilimkuta rafiki yangu bombani. Alikuwa amekalia dumu tupu, foleni ndefu mbele yake, na hakucheka aliponiona. Alinieleza kwa ufupi. Majina yao yalikuwa yameingizwa kwenye orodha ya wanaorudi Burundi kwa malori. Bibi alikuwa anaamini hatafika mbali baada ya kuvuka. Atakufa, na mjukuu atabaki peke yake katika nchi asiyoikumbuka. Huyu bwana alikuja sokoni kuuza ng'ombe, mpole, mkristo, ana nyumba ya bati, na mke wake angekuwa mwenyeji hapa, wala asingepandishwa lori. Bibi aliona mlango umefunguka.

"Bibi amechoka, namwelewa," alisema. "Lakini mimi sitaki."

Nilichuchumaa karibu naye nikamnong'oneza. Nakumbuka kila neno.

"Nina kizuizi. Usiniulize ni nini, uso wako hauwezi kuficha kitu. Usimwambie bibi neno lolote, usimwambie mtu. Ningoje Jumapili ya tatu."

Akauliza kama nina hakika. Nikamwambia, lini umeniona nimeshindwa? Foleni ikasogea, akainuka, akalisogeza dumu lake hatua mbili. Akasema sawa.

Jumapili ya pili nilikuwepo. Baba akasoma tangazo la pili, na kutoka mabenchi ya upande wa kambi rafiki yangu aligeuza shingo kunitafuta. Niliangalia dari. Nilitazama mijusi, nikapiga miayo. Nilijivunia jinsi uso wangu ulivyokuwa mtupu.

Wiki ile darasani sikusikia kitu. Nilikuwa natunga maneno yangu ya kusema. Niliyaandika nyuma ya daftari la historia, nikayafuta, nikayaandika tena. Jumamosi nilipata lifti ya lori la mchanga, nikamalizia kwa miguu, na njia nzima nilikuwa naongea peke yangu kwa sauti, hata mama mmoja aliyekuwa analima akanipa pole.

Nilipofika, mama alikuwa anamenya ndizi na baba ameinamia baiskeli yake, anaziba pancha. Nikaamkia, nikazunguka kidogo, kisha nikauliza, kama mtu anayeuliza hali ya hewa, matangazo ya kesho yana ndoa ngapi. Baba akasema moja tu, akataja watu wa Keza. Nikamuuliza, na ile ya rafiki yangu?

Ilikuwa imeshafungwa. Habari za malori zilikuja Jumatatu: safari ni Ijumaa. Wenye ndoa ambazo hazijakamilika walimwendea padre, naye akaja Alhamisi asubuhi akafungisha ndoa tatu kwa pamoja katika kanisa la kambini. Ijumaa bibi alipanda lori na godoro lake na kopo lake la chumvi. Rafiki yangu alikuwa ameshaondoka na mumewe kwenda Nyarubungo.

Nilimwambia baba haiwezekani, tangazo la tatu halijasomwa. Nilisema kwa ukali, kama ninamfundisha kazi. Akanijibu bila kuinua kichwa kwamba padre ana ruhusa ya kusamehe tangazo kukiwa na sababu, na sababu ilikuwepo. Miaka yote niliyojiona mjuzi wa sheria, hiyo nilikuwa siijui. Haikuwa hata siri. Kama ningeuliza, ningeambiwa.

Basi nikamweleza. Nilieleza vibaya, kwa kuanzia katikati, kisima, viazi, watoto wawili. Baba aliacha pampu. Mama aliacha kisu.

"Ulijua tangu lini?" baba aliuliza.

Nikasema tangu tangazo la kwanza.

Alishika tena pampu, akamaliza kujaza upepo. Kisha akasema, taratibu, kwa sauti yake ya kawaida wala si ya kanisani, "Tangazo la kwanza ndilo la kusemea, mwanangu. Mawili yanayofuata ni kwa ajili ya wale ambao hawakuwepo."

Alinawa mikono, akavaa koti, akaondoka na baiskeli kwenda kwa padre bila kula. Mama alirudi kwenye ndizi zake. Alizimenya nyingi kupita mahitaji ya siku ile.

Padre alifuatilia, siwezi kusema hakufuatilia. Alikwenda Nyarubungo baada ya wiki kadhaa, akakuta wanawake wawili katika ua mmoja. Mwanamume hakuficha. Alisema yule wa kwanza hakumwoa kanisani, na alipoulizwa kama ana mke wa ndoa alijibu hapana, naye aliona amesema kweli. Barua ziliandikwa, zikaenda zikarudi. Lakini bibi alikuwa ng'ambo ya mto na hakuna aliyejua yuko kilima gani cha Burundi, shule ya kambini ilikuwa inafungwa darasa kwa darasa kadiri watu walivyorudi, na rafiki yangu alikuwa mjamzito. Mtu angerudi wapi?

Sikwenda kumwona. Likizo tatu mfululizo shangazi aliniita Nyarubungo, nami nikatafuta visingizio. Niliogopa. Mimi niliyekuwa sikosi neno, niliogopa kukutana na msichana mwenye mwanya. Nilimaliza kidato cha nne, nikaenda chuo cha ualimu, nikaanza kazi, na bado kila nikisikia katekista anasoma matangazo ya ndoa nilikuwa natoka nje kama mtu aliyebanwa na kikohozi.

Nilikwenda hatimaye kwa sababu ya msiba. Shangazi alifiwa na mumewe, na msibani sikuweza kukwepa. Siku ya pili baada ya mazishi niliuliza njia, nikaenda. Nyumba kweli ilikuwa ya bati. Wanawake wawili walikuwa wanapukuchua mahindi kwenye turubai, wanaongea na kucheka, na mmoja wao alikuwa yule mama wa viazi. Alinikumbuka. Aliniletea kigoda, akaniuliza habari za nyumbani, kisha akachukua ndoo, ingawa ndoo nyingine mbili zilikuwa zimejaa maji pale ukutani, akatuacha. Nilimshukuru moyoni kwa adabu ile.

Rafiki yangu alikuwa amenenepa kidogo. Watoto wake watatu walikuja kuniamkia, wakapanga mstari, wakakimbia. Alinionyesha mmoja akasema huyu anabishana kama wewe. Alisema mume si mbaya, hapigi, hanywi, na huyu mke mwenzake wanasaidiana kuliko madada. Alisema bibi alifika salama akaishi miaka miwili zaidi, habari alizipata kwa mtu aliyevuka. Alisema yote hayo kwa upole, akinipunguzia mzigo, na mimi mzigo ukawa unazidi.

Ikabidi niseme. Nikamweleza hesabu zangu zote: wiki mbili, mashahidi, maneno laini, kanisa kujaa, ruhusa ya padre niliyokuwa siijui. Nilieleza kwa kirefu, na katikati nilijisikia sauti yangu imeanza kupanda, naanza kuitetea kesi. Alikuwa anapukuchua tu, punje zinaanguka kwenye turubai, mpaka nilipofika mwisho.

"Jioni ile bombani," alisema, "maneno nilikuwa nimeshayapanga. Nilikuwa napita kuchota maji, halafu niende nikamwambie bibi sitaki. Bibi hajawahi kunilazimisha kitu tangu nizaliwe. Angelia kidogo, yakaisha. Ukaniambia nisiseme."

Miaka yote ile nilidhani kosa langu ni kuchelewa. Kumbe jibu lilikuwepo tayari, la mwenyewe, siku ileile ya kwanza, na mimi ndiye niliyelizuia. Nikalia pale mbele ya mahindi ya watu, mwalimu mzima. Nikamwambia nimekosa. Sikuongeza kitu baada ya hapo.

Alinipa ncha ya kanga yake nijifute. Akasema alinisamehe zamani, hata kabla mtoto wa kwanza hajaanza kutembea, na kwamba nisingeogopa ningekuja nikaambiwa hivyo mapema. Akachukua gunzi jingine, akaligeuza geuza mkononi bila kulipukuchua.

"Ila nilikuwa naipenda ile shule," alisema.